Vi, TCV au vidonge: chanjo za taifodi zikiwekwa pamoja mezani

Mwezi wa sita, msimu wa wageni wa mlimani ukianza kuchangamka, kijana mmoja mgumu, yaani mbeba mizigo ya wapanda Kilimanjaro, wa lango la Machame aliingia chumba cha chanjo ninakofanya kazi hapa Moshi. Mkononi alikuwa na karatasi mbili za maabara zilizokunjwa mara nne, moja ya Machi na nyingine ya Mei. Zote ziliandikwa taifodi, 1:160. Dozi mbili za sipro, ile antibayotiki, alishazimaliza.

"Dada nesi, nimechoka kusafisha hii taifodi kila baada ya miezi miwili. Nichome ile sindano ya kuimaliza. Nimeambiwa ziko mbili, halafu kuna ya kumeza. Mimi inanifaa ipi?"

Swali hilo nalipata karibu kila wiki. Huliuliza mama lishe wa Mbuyuni, mzazi anayempeleka mtoto bweni, hata babu anayekwenda kumsalimia binti yake nje ya nchi. Wakiwa wamesimama foleni siwezi kuwapa zaidi ya dakika tano, kwa hiyo jibu refu naliandika hapa.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa mtoto, na kwa mtu mzima ambaye hajavuka miaka 45, ukiipata TCV, ile sindano mpya, chukua TCV. Ile sindano ya zamani, Vi, bado ina watu wake, nami huichoma bila wasiwasi. Vidonge navionea huruma, kwa sababu vilikuwa kazi nzuri ya kisayansi, lakini leo siwezi kumwambia mtu avitafute.

Kabla ya kuchagua, tazama ile karatasi

Kijana wangu alikuja na wazo ambalo lazima liondoke kwanza. Chanjo ya taifodi haitibu taifodi. Haimalizi iliyomo mwilini, na haisafishi kitu. Inaufundisha mwili kumtambua kijidudu kabla hajaingia.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Ile 1:160 ni majibu ya Widal, kipimo cha enzi za kina babu ambacho hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili umebaki nazo baada ya kukutana na bakteria wa taifodi au ndugu zake. Aliyeugua miaka iliyopita anaweza bado kuwa nazo, na aliyekutana na salmonela wa aina nyingine pia anaweza kuzionyesha. Kuna utafiti uliofanyika kwa watoto waliolazwa hospitali ya Muheza, Tanga, ukachapishwa 2010. Kati ya majibu ya Widal yaliyosema mtoto ana taifodi, ni kama moja tu katika kila manne lililothibitika damu ilipooteshwa maabara. Widal iliposema hana, ilikuwa karibu kila mara inasema kweli. Huu ni msaada mkubwa, ila si msaada ambao wengi tunautumia.

Kuotesha damu nako kuna kasoro zake. Majibu huchukua siku kadhaa, na kipimo hukamata takribani wagonjwa sita katika kila kumi walio na taifodi kweli. Hata hivyo ndicho kinachomwona bakteria mwenyewe na kuonyesha dawa gani bado inamuua.

Hapa Moshi tuna sababu ya pekee ya kuwa makini na neno homa. Mwaka 2007 hadi 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za mjini, KCMC na Mawenzi. Madaktari walidhani malaria kwa wagonjwa 528. Waliokuwa na malaria kweli ni 14. Katika kundi lililopimwa zaidi, kama robo walikuwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama: leptospira, homa ya kupe, homa ya Q, brusela. Hakuna chanjo ya taifodi, iwe ya bei kubwa au ndogo, inayogusa hata moja ya hizo. Sindano za taifodi hazigusi paratifodi, wala ile salmonela nyingine inayoingia kwenye damu ya watoto wadogo. Ukichanjwa leo kisha ukapata homa baada ya mwezi, usiseme chanjo ni maji. Nenda ukapimwe ipasavyo.

Nimelitanguliza hili kwa sababu anayechagua chanjo kutokana na karatasi ya Widal anachagua dawa ya ugonjwa ambao huenda hajawahi kuugua. Chagua kwa kutazama umri wako, kazi yako, maji unayokunywa, unakokwenda, na afya yako kwa jumla.

Vi tupu na Vi iliyounganishwa

Kichupa na kichupa ukiviweka pamoja mezani, vinafanana. Vyote ni maji meupe, dozi ni nusu mililita, vyote huchomwa kwenye msuli, na vyote hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8 bila kuganda. Tofauti iko katika kilichomo.

Bakteria wa taifodi huvaa koti la sukari liitwalo Vi. Waliligundua Felix na Pitt mwaka 1934. Chanjo za mwanzo kabisa, zilizoanza 1896 kwa kazi ya Almroth Wright Uingereza na Richard Pfeiffer Ujerumani, zilikuwa bakteria wazima waliouawa kwa joto. Zilikinga, lakini zilimlaza mtu kitandani kwa homa na mkono uliovimba. Baadaye wanasayansi wakapata njia ya kulivua lile koti peke yake, wakalisafisha, wakalitia kwenye sindano. Hiyo ndiyo Vi ya kawaida, ambayo wengi wameichomwa kwa jina la Typhim Vi. Haina bakteria, haina kijidudu hai, na madhara yake ni maumivu ya bega na pengine homa ndogo ya siku moja.

Kazi inafanya. Ilipojaribiwa Nepal miaka ya 1980 ilizuia karibu robo tatu ya taifodi kwa waliofuatiliwa muda usiofika miaka miwili. Afrika Kusini, watoto wa shule walipofuatiliwa miaka mitatu, kinga ilikuwa asilimia 55. Ndiyo maana kadi inakwambia urudi baada ya miaka 3.

Udhaifu wake mkubwa uko kwa watoto. Mtoto wa chini ya miaka 2 hana uwezo wa kulisoma koti la sukari. Mwili wake unaliona likipita na kuliacha. Hata kwa mtu mzima, sukari tupu haiachi kumbukumbu ya kudumu, kwa hiyo ukirudia dozi unaanza tena karibu na mwanzo badala ya kujenga juu ya ya kwanza.

TCV, yaani Vi iliyounganishwa, ilizaliwa kutokana na tatizo hilo. Wazo lake nawaeleza wazazi hivi. Mgeni asiyejulikana akikatiza mtaa wa Pasua saa saba mchana, nani atamshughulikia? Watu wataendelea na shughuli zao. Lakini akipita amefuatana na mwizi ambaye mtaa mzima unamjua, kelele zitapigwa, na watu watakariri sura za wote wawili. Katika TCV ninayoizungumzia hapa lile koti la sukari limefungwa kwenye kipande cha protini cha pepopunda kisicho na sumu. Pepopunda mwili unaijua vizuri, tangu zile sindano za Penta za utotoni. Ukiiona unashtuka, na safari hii unamkariri na aliyefuatana nayo. Kumbukumbu inabaki, na hata mtoto wa miezi 6 anaipata.

Ufundi huu si mgeni kwenye kadi za watoto wetu. PCV ya nimonia, inayotolewa nchini tangu 2013, imetengenezwa kwa njia hiyo hiyo, na sehemu ya Hib ndani ya Penta vilevile. Mama anayeniambia anaogopa TCV kwa kuwa ni kitu kipya, namfungulia kadi ya kliniki ya mwanawe, namwekea kidole kwenye mstari wa PCV.

Sasa ushahidi. Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanyika Blantyre, Malawi, kwa majirani zetu, na matokeo yake yalichapishwa 2021. Watoto 28,130 wa miezi 9 hadi miaka 12 waligawanywa makundi mawili karibu sawa. Kundi moja lilipata TCV, jingine likapata chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya A, ili kila mtoto aondoke na kinga ya kitu fulani. Waliopata TCV waliougua taifodi, iliyothibitishwa kwa damu kuoteshwa, walikuwa 12. Kwenye kundi la pili walikuwa 62. Hiyo ni kinga ya kama asilimia 80 kwa dozi moja tu. Walipoendelea kufuatiliwa zaidi ya miaka minne, kinga ilikuwa bado asilimia 78. Majaribio ya Nepal na Bangladesh yalitoa picha inayofanana kwa miaka ya mwanzo, ingawa Bangladesh kinga ilionekana kushuka miaka ilipoongezeka, hasa kwa waliochanjwa wakiwa wadogo sana. Kwa hiyo mtu akikwambia TCV ni ya maisha, mkatalie kwa upole.

Je, hizi mbili ziliwahi kushindanishwa uso kwa uso? Ndiyo, Oxford, Uingereza, kwa namna ambayo kila nikiifikiria nawapa heshima wale watu wazima waliojitolea. Walichanjwa, wengine Vi tupu, wengine TCV, wengine chanjo isiyohusika na taifodi. Baada ya mwezi hivi wakanywa bakteria hai wa taifodi wakijua wanachokunywa. Matokeo yalitoka 2017. Kwa kipimo kikuu walichokuwa wamekipanga, chanjo hizo mbili zilikaribiana kabisa: asilimia 54.6 kwa TCV na 52.0 kwa Vi. Walipohesabu kwa kigezo kinachofanana zaidi na mgonjwa anayekuja kwetu, yaani ameanza homa kisha damu ikaota bakteria, TCV ilipanda hadi 87.1 na Vi ikabaki 52.3. Nimeyataja yote mawili makusudi. Kwa mtu mzima mwenye afya anayehitaji kinga ya miaka michache, pengo la hizi sindano si la kumfanya akose usingizi. Kwa mtoto, pengo ni kubwa.

Shirika la Afya Duniani liliitambua TCV ya kwanza, Typbar-TCV, mwishoni mwa 2017, na mwaka 2018 likaipendekeza kuanzia miezi 6 hadi miaka 45, dozi moja. Pakistan ilikuwa nchi ya kwanza kuiingiza kwenye chanjo za kawaida, 2019. Taifodi ya huko ilishakuwa haisikii karibu dawa zote zilizozoeleka. Liberia na Zimbabwe zikafuata 2021, Malawi 2023, Kenya 2025. Jambo la Pakistan liko karibu na sisi kuliko ramani inavyoonyesha. Kila dozi ya sipro inayomezwa kwa sababu ya Widal inamfundisha bakteria namna ya kuikwepa, na siku taifodi yenyewe ikija, dawa itakuwa imeshazoeleka.

Vidonge

Hivi vina bakteria hai aliyedhoofishwa, Ty21a, aliyetengenezwa Uswisi miaka ya 1970. Bakteria huyo alijaribiwa kwa watoto wa shule Alexandria, Misri, kisha Santiago, Chile, ambako vidonge vitatu vilizuia kama theluthi mbili ya taifodi kwa miaka mitatu. Kwa asiyetaka sindano vilikuwa neema.

Ila vina masharti. Kimoja leo, kesho unapumzika, kesho kutwa kingine, saa moja kabla ya chakula, kwa maji ya baridi au vuguvugu. Vikae kwenye friji muda wote. Ukiwa kwenye antibayotiki unasubiri. Mjamzito na mwenye kinga iliyoshuka hawapewi. Mtoto mdogo asiyeweza kumeza kidonge kizima hafai. Dada mmoja aliwahi kuniletea boksi lake baada ya kumeza viwili. Alikuwa amelitunza kabatini, juu kidogo ya jiko la mkaa, na alimezea chai ya moto kwa kuwa ndiyo ilikuwa mezani. Nililigusa, lilikuwa na joto. Bakteria hao walishakufa, na kinga haikuwepo. Nilimwonea uchungu, maana pesa alishatoa, na aliyemuuzia hakumweleza lolote.

Hata hivyo mjadala umeamuliwa na kiwanda. Vidonge vilivyojulikana zaidi, Vivotif, viliacha kutengenezwa Desemba 2024. Ukikuta boksi dukani, ni la akiba. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, uliza lilikaa wapi, na kwa ushauri wangu liache. Jambo moja zaidi kwa aliyekwisha kuvimeza: vinaweza kuipandisha Widal, kwa sababu bakteria huyo hubeba sehemu zile zile, O na H, ambazo kingamwili zake ndizo kipimo kinazitafuta. Vi na TCV haziko hivyo.

Nani achukue ipi

Mama mmoja wa Kiboriloni alikuja na watoto wawili, wa mwaka na miezi minne na wa miaka tisa anayeanza bweni. Alikuwa na pesa ya sindano mbili, akaambiwa mahali fulani kwamba Vi itawatosha wote. Kwa yule mdogo, Vi ingekuwa kumliza mtoto bure. Nilimwambia hivyo hivyo. Wote wawili wapate TCV, na kama siku hiyo haipo, mdogo asubiri ifike. Yule wa bweni, shule ikifungua kesho kutwa na TCV haijulikani inakuja lini, Vi ni bora kuliko kwenda mikono mitupu.

Babu wa miaka 63 anayesafiri kwenda kumtembelea binti yake, Vi inamtosha. Amevuka umri ambao TCV ilipendekezwa, na safari yake ni ya miezi miwili. Ila aje wiki mbili kabla ya kuondoka. Wengi huja kesho yake ni ndege, na hapo hakuna sindano itakayowahi.

Wanaotumia ARV huniuliza kwa sauti ya chini, nami nawajibu kwa sauti ile ile. Vi na TCV hazina kijidudu hai, hazitawaambukiza taifodi. Wapange na kliniki yao ni lini, ili kinga ya mwili iwe imepanda na chanjo ishike vizuri. Mama mjamzito azungumze na daktari wake kwanza, kama maji ya kwake na mazingira vinamweka hatarini kweli.

Mama lishe ndiye ninayezungumza naye kwa muda mrefu zaidi. Umri ukiruhusu, TCV, kwa sababu anashika chakula cha watu kila siku, na taifodi ikimlaza wiki tatu biashara imekufa. Lakini chanjo inamlinda yeye. Haimponyi mtu ambaye tayari anabeba bakteria kwenye nyongo bila kuugua, wala haioshi mchicha ulionyweshewa maji ya mfereji. Mteja wake analindwa na sabuni baada ya choo, maji yaliyochemshwa hadi yakatokota, na kachumbari iliyooshwa kwa maji hayo. Wote wanaojiandaa kuchagua chanjo nawaomba wachemshe na maziwa, kwa ajili ya brusela, ambayo haina chanjo ya binadamu ya kukimbilia.

Ukifika mahali pa kuchanjwa, usione haya kuomba kuonyeshwa. Omba uone boksi. Ukikuta herufi TCV, au neno la pepopunda (tetanus) karibu na Vi, hiyo ndiyo iliyounganishwa. Ukikuta Vi peke yake, mara nyingi ndani ya bomba la sindano lililojazwa tayari kiwandani, hiyo ni ya kawaida. Tazama tarehe. Uliza friji inasoma nyuzi ngapi, na umeme ulipokatika wiki iliyopita walifanya nini. Nesi anayejua kazi yake atakuonyesha kipimajoto kabla hujamaliza swali.

Yule kijana wa Machame alikuwa na miaka 26. Nilimpeleka kwanza akaotesha damu, maana alikuwa bado na homa za jioni. Damu haikuota taifodi. Daktari akamsikiliza upya, akamuuliza kuhusu mifugo ya nyumbani, akamtuma apimwe brusela, na huko ndiko jibu lilikopatikana. Alimaliza dawa zake kwa wiki alizoandikiwa, akarudi kwangu mwezi wa nane akiwa na nguvu, bado anaitaka sindano ya taifodi. Sikumkatalia. Mtu anayelala kambini na watu mia na kunywa maji ya vijito vya mlimani anaihitaji. Nilimchoma TCV bega la kushoto. Kwenye kadi yake sikuandika tu "taifodi" kama ninavyokuta kwenye kadi nyingi. Niliandika jina kamili la chanjo, namba ya bechi na tarehe, kisha nikamwambia aipige picha kwa simu palepale, ili atakayemhudumia miaka mitano ijayo ajue alichomwa nini.